Mita 24 Zilizochukua Miaka Minne: Kisa cha Baboquivari

Tarehe 12 Julai 1898, Robert Forbes na Jesús Montoya walifika juu ya Baboquivari, kilele cha jabali kilichoko kusini mwa Arizona, Marekani, wakawasha moto mkubwa ambao inasimuliwa ulionekana umbali wa maili 100. Kwa Forbes hiyo ilikuwa safari ya tano kwenye mlima huohuo. Ya kwanza ilikuwa mwaka 1894.

Miaka minne kwa mlima wa mita 2,350 na ushei. Sisi tuliokulia chini ya Kilimanjaro tukiisikia namba hiyo hatushtuki hata kidogo. Vibanda vya Mandara, pale wageni wanapolala usiku wa kwanza kwenye njia ya Marangu, viko juu kuliko kilele cha Baboquivari. Na Forbes hakuwa mtu dhaifu wala mjinga. Alikuwa mkemia wa Chuo Kikuu cha Arizona, kijana wa miaka ishirini na kitu alipoanza, na makazi yake yalikuwa Tucson, mji ambao siku ya hewa safi unauona mlima ukiwa umesimama peke yake upande wa kusini-magharibi. Hakuhitaji kuvuka bahari ili kuufikia. Sasa ni nini kilichomrudisha mara nne?

Nimekaa na swali hili muda mrefu kwa sababu naishi Tucson, na hapa tuko Waswahili wa kila namna: Wakongo wengi walioletwa kama wakimbizi, Warundi, Wakenya, sisi Watanzania wachache. Jumamosi vijana hupenda kutoka kwenda milimani, na wakiuona Baboquivari kwa mbali huwa wanauliza kile nilichouliza mimi: kilima kama kile kinamshindaje mtu? Jibu langu ni kwamba urefu wa mlima huu hauna kazi kubwa katika kisa hiki. Kazi yote iko kwenye ukuta mmoja wenye futi 80 hivi, yaani mita 24, na kwenye hali ambayo mwili wako unakuwa nayo unapoufikia ukuta huo. Ukivitazama vitu hivyo viwili kwa pamoja, safari tano zinaeleweka.

Jinsi mlima ulivyokaa

Baboquivari uko katika Jangwa la Sonora, kama kilomita 80 kusini-magharibi mwa Tucson, si mbali na mpaka wa Mexico. Upande wa mashariki kuna bonde pana la Altar, nyika ya ng'ombe na miti ya miiba. Upande wa magharibi ni ardhi ya Taifa la Tohono O'odham, wenyeji wa jangwa hili tangu kabla ya Mhispania wa kwanza kulikanyaga. Mgongo wa milima unakwenda kaskazini na kusini, na katikati yake linainuka pande moja la jabali la matale, limekatika wima karibu pande zote. Mwaka 1699 Juan Mateo Manje, ofisa aliyesafiri na mmisionari Mjesuiti, padri Kino, aliliona kwa mbali akaona ngome juu ya mlima, na msafara wao ukaliita Safina ya Nuhu. Ukilitazama kutoka barabara ya bondeni unamwelewa kabisa.

Kutoka kambi ya upande wa magharibi hadi juu unapanda zaidi ya mita 1,200. Sehemu kubwa ya hizo ni kutembea tu: njia inapanda korongo, inajikunja kwenye ubavu, inafika begani mwa mlima. Chini kabisa kuna saguaro, dungusikakati ndefu zinazopita mita kumi, na chini yake vichaka vya migunga. Hiyo migunga mtu wa Dodoma au Samburu ataijua bila kuonyeshwa, ila miiba yake imepinda kwa ndani, ikikushika lazima urudi nyuma ndipo ikuachie. Kuna pia aina ya agave fupi yenye ncha kali inayoota kwa kundi, na ncha hizo ziko usawa wa muundi. Ukipanda juu zaidi mimea inabadilika, unaingia kwenye mialoni midogo na kivuli kidogo, na hapo watu wengi hudhani kazi imekwisha. Bado haijaanza.

Kuanzia begani njia inapotea. Kuna miamba iliyolala kama paa, imefunikwa na majani makavu ya mwaloni, na majani hayo yakikaa juu ya changarawe laini ya matale yanateleza vibaya. Punje za jabali hili ni kubwa na kali. Ukipanda kwa viganja vitupu kwa saa mbili, ncha za vidole zinaanza kuuma ukigusa hata kitambaa. Naitaja hiyo kwa sababu vidole hivyohivyo ndivyo utakavyovihitaji ukutani.

Joto lililogeuzwa

Mlima wa jangwani una tabia moja inayomchanganya mtu aliyezoea milima yetu mirefu. Kilimanjaro na Meru adui yuko juu: baridi na hewa nyepesi. Ukizidiwa unateremka, na kila mita mia unazoshuka mwili unapata nafuu. Waongozaji wa Moshi wana desturi hiyo mwilini, mtu akianza kutapika Kibo, karibu na kilele, anageuzwa ateremke haraka na mara nyingi akifika Horombo, kambi ya chini yake, anaomba chai. Baboquivari mambo yamekaa kinyume. Julai mji wa Tucson unafika wastani wa nyuzi 38 mchana. Hewa hupungua joto kwa kama nyuzi sita na nusu kila mita elfu moja unazopanda, kwa hiyo kileleni kuna nafuu ya kweli. Wokovu wa kuteremka haupo. Unaporudi umechoka, maji yamekwisha, unaingia kwenye joto kubwa kuliko lile uliloliacha, na mara nyingi saa zenyewe ni zile mbaya za mchana.

Maji nayo yana hesabu isiyobembelezeka. Mtu anayepanda kwenye joto kali hupoteza kwa jasho lita moja kwa saa, wakati mwingine zaidi. Lita moja ni kilo moja. Safari ya saa kumi na mbili kwa hesabu hiyo inataka kilo kama kumi na mbili za maji kwa kila mtu, kabla hujaweka kamba, chakula na nguo ya usiku. Hakuna anayebeba hizo zote ukutani. Ndiyo maana anayelijua jangwa huficha sehemu ya maji njiani wakati wa kupanda, kwenye kivuli anachoweza kukitambua wakati wa kurudi, na kinywaji kinachobaki mgongoni anakipangia saa. Forbes alikuwa na vyombo vya enzi zake, vya chuma na vya kitambaa, vizito kuliko chupa zetu za plastiki hata vikiwa vitupu.

Kwa nini basi akachagua Julai? Mtu wa leo akikuambia anakwenda Baboquivari Julai utamshika mkono umkalishe chini. Lakini ukiutazama mwezi huo kwa macho ya mtu wa 1898 una faida zake. Kwa latitudo ile, Julai jua linachomoza saa kumi na moja na nusu alfajiri na kuzama saa moja na nusu jioni: saa kumi na nne za mwanga, wakati Desemba ni kumi tu. Julai pia ndio mwezi mvua za kiangazi zinapoanza kusini mwa Arizona, zikija mchana kwa radi na upepo, na mvua hizo hujaza vidimbwi kwenye mashimo ya mwamba. Usiku kileleni hauui mtu kwa baridi. Na chuo kimefungwa. Ubaya wake ni radi, kwa maana pande la jabali lililosimama peke yake nyikani ndilo linalotafutwa na radi kwanza. Sisemi alichagua vizuri. Nasema uchaguzi huo una mantiki, na mantiki hiyo inaungana na jambo moja kuhusu moto wake nitakalolifikia baadaye.

Ukuta

Ukuta wenyewe uko juu, baada ya mtu kumaliza kutembea na kupanda kwa mikono na miguu. Leo wapandaji wanauita ukuta wa ngazi, nitaeleza kwa nini. Kwa wapandaji wa kisasa wenye viatu vya mpira unaonata, kamba ya nailoni na mkanda wa kiunoni, mita hizo 24 ni za daraja la chini la ugumu. Mtu aliyejifunza miezi michache kwenye ukuta wa mazoezi anazipita. Hapo ndipo wengi wanapopotoka wakisoma kisa cha Forbes. Wanaona daraja dogo wanasema alikuwa mgeni wa kazi.

Mweke mwaka 1898. Nailoni haijavumbuliwa, kamba ni za nyuzi za mimea, zinakatika zikishtuliwa na uzito wa ghafla. Hakuna mkanda wa kupandia, kamba inafungwa kiunoni moja kwa moja. Kiatu ni buti la ngozi gumu. Hakuna cha kupachika kwenye ufa ili anayetangulia akiteleza ashikwe njiani. Maana yake ni kwamba anayetangulia hana ruhusa ya kuanguka, basi. Mita 24 ni urefu wa jengo la ghorofa saba au nane, na chini yake hakuna uwanja, kuna mteremko mwingine unaoendelea. Ukuta rahisi usio na ruhusa ya kuanguka ni kitu tofauti kabisa na ukuta rahisi wenye kamba nzuri.

Niliwahi kusimama chini yake nikiwa na ndugu mmoja wa Bukavu, fundi wa kujenga ambaye ngazi na jukwaa ndiyo riziki yake. Aliushika mwamba kwa kiganja, akautazama juu kimya, kisha akaniambia, "Ndugu yangu, huyu mtu wa zamani alipita hapa na nini?" Swali la fundi, na ndilo hasa. Alipita na kulabu. Safari ya tano Forbes alikuja na kulabu ya kukwamisha yenye kifaa cha kuirefusha, ili kuifikisha mahali ambapo mkono haufiki.

Fikiria kazi ya kifaa hicho kwa utaratibu. Kulabu inashika ikivutwa kwenda chini, lakini uzito ukihama pembeni au kamba ikilegea kidogo inaweza kuchomoka. Wewe uliye chini huoni ilichoshika: ufa, mzizi, au jiwe lililolegea. Unaweza kuijaribu kwa kuivuta kwa nguvu, hata kujining'iniza mita moja kutoka ardhini, ila jaribio hilo halithibitishi kwamba itashika ukiwa mita kumi juu na mwili unayumba. Kulabu ya kurusha tu ina tatizo la ziada, kwamba ukikosea inarudi kukupiga na kila mrusho ni bahati. Ukiwa na kirefusho unaichagulia mahali. Kwangu mimi huo ndio moyo wa kisa kizima. Kurefusha kulabu ni wazo la mtu anayejua tayari ni wapi hasa anashindwa, na anashindwa kwa kiasi gani. Huwezi kutengeneza kirefusho ukiwa Tucson kama hukuwahi kusimama chini ya ukuta ule ukapima kwa jicho pengo lililobaki.

Kwa hiyo zile safari za awali sizisomi kama hasara. Mtu aliyerudi salama kutoka mlima wa jangwani mara nne, bila kufika juu, amefanya jambo ambalo wapandaji wengi hawaliwezi: amegeuka. Na kila alipogeuka alirudi nyumbani na habari za mlima. Njia ipi ya korongo inakwisha kwenye genge. Kivuli kinakaa wapi saa tisa. Inachukua muda gani kufika begani. Kufikia 1898 mlima mzima ulikuwa umeshapandwa kwenye akili yake isipokuwa kipande kimoja, na vifaa vya safari hiyo vilikuwa jibu la kipande hicho.

Hili linanikumbusha Hans Meyer, Mjerumani wa kwanza kuandikwa kuwa amefika Kibo, kilele cha Kilimanjaro. Meyer alijaribu mwaka 1887, akajaribu tena 1888 akakamatwa na kufungwa wakati wa vita vya Abushiri hata kabla ya kufika mlimani, akafanikiwa 1889. Kilichobadilika mara ya tatu hakikuwa ujasiri, maana ule alikuwa nao tangu mwanzo. Alikuja na Ludwig Purtscheller aliyejua barafu, na akaweka kambi za akiba ya chakula mlimani ili asilazimike kushuka hadi chini kila anaposhindwa. Alitambua kinachomrudisha, akakiandalia jibu. Forbes alifanya vivyo hivyo kwa kipimo kidogo.

Mtu wa pili

Kwenye maelezo mengi jina la Jesús Montoya linapita haraka, neno moja baada ya "na". Linaniuma, na msomaji wa Kiswahili atajua kwa nini: hata sisi ilibidi tusubiri mpaka 1989, miaka mia moja baada ya safari ya Meyer, ndipo Yohani Kinyala Lauwo wa Marangu, anayesimuliwa kuwa mwongozaji wa safari hiyo, akatambuliwa rasmi kwa sehemu yake.

Lakini acha heshima pembeni kidogo, tutazame kazi. Kulabu inataka watu wawili. Mmoja anaisukuma na kuijaribu, mwingine anasimama mahali anapoweza kuona pembeni na kusema imeshika au haijashika. Anayetangulia akiwa juu, wa chini ndiye anayeangalia kamba isikwaruzwe kwenye ukingo. Mizigo nayo haipandi yenyewe; inafungwa na kuvutwa. Na mtu akivunjika mguu pale, aliye salama ndiye pekee wa kushuka kutafuta msaada, kwa kuwa hakuna barabara wala nyumba karibu. Peke yake Forbes angekuwa na kulabu nzuri na hana wa kuishughulikia. Tarehe 12 Julai ni ya watu wawili, nami nikisimulia kisa hiki kwa vijana nawataja wote wawili kila mara.

Moto

Sasa moto. Maili 100 ni kilomita 160. Je, inawezekana? Hesabu ya mviringo wa dunia inasema mtu aliye juu ya sehemu iliyomzunguka kwa mita h anaona upeo wa kama kilomita 3.57 mara kipeuo cha pili cha h. Kilele kiko juu ya tambarare za Tucson kwa mita kama 1,600, ambazo kipeuo chake ni 40, na hiyo inatoa kilomita 143. Kwa hiyo aliye tambarare kabisa umbali wa kilomita 160 asingeuona, ila aliyekaa kwenye kilima chochote angeuona, na kusini mwa Arizona vilima haviadimiki. Simulizi inakaa ukingoni mwa kinachowezekana, lakini inakaa. Tucson yenyewe iko ndani ya upeo huo bila shida yoyote.

Kinachonivutia zaidi ni wakati. Moto unaoonekana mbali hivyo ni moto wa usiku. Ukiwashwa saa nane mchana kwenye jua la Julai hata aliye bondeni angeona moshi tu. Maana yake, kwa usomaji wangu, Forbes na Montoya hawakukimbia kuteremka ukuta jioni ile. Waliukubali usiku mlimani. Hapo ile Julai inapata maana: siku ndefu ya kupandia, usiku usio na baridi ya kuua, halafu asubuhi ya kuteremka ukuta kwa mwanga mzuri na kufika chini kabla jua halijakaa utosini. Ni mpango wa kurudi uliofichwa ndani ya sherehe ya kufika. Ajali nyingi za milima ya namna hii hutokea wakati wa kushuka, mtu amechoka, giza linaingia, na ukuta alioupanda akiutazama sasa anaushuka bila kuona anapoweka mguu. Waliokubali kulala juu walijiondolea hatari hiyo.

Mlima una wenyewe

Kuna upande mwingine wa moto ule, na siwezi kuuruka. Kwa Watohono O'odham huu ndio mlima mtakatifu kuliko yote. I'itoi, aliyewaumba na kuwafundisha maisha ya jangwani, ndiko anakokaa, katika pango lililo chini ya kilele, na mpaka leo watu wanakwenda pangoni wakiacha kitu kidogo kwa heshima. Nchi yao iligawanywa na mpaka wa Marekani na Mexico kufuatia mapatano ya 1853, nao hawakuulizwa. Hata mlima huu umegawanyika: magharibi ni ndani ya ardhi ya Taifa lao, mashariki ni ya serikali ya Marekani.

Vitabu vinaandika kwamba 1898 ndipo Baboquivari ulipopandwa mara ya kwanza. Ninachoweza kukubali ni kwamba ndipo ulipopandwa mara ya kwanza kwa maandishi. Watu walioishi chini yake kwa karne nyingi hawakuwa na sababu ya kumwandikia yeyote walikofika. Na kwa watu ambao kilele ni nyumba ya muumba wao, kutofika juu kunaweza kuwa adabu, wala hakuna uhusiano na kushindwa. Wachaga na Kibo, Wamasai na Ol Doinyo Lengai, hilo tunalielewa bila kufafanuliwa. Moto ule uliwaka juu ya paa la mwenyewe, bila hodi.

Baada ya 1898

Miaka ya 1930 vijana wa mradi wa ajira wa serikali, uliokuja na mdororo mkubwa wa uchumi, walitengeneza njia na kuweka ngazi kwenye ukuta ule. Ndiko jina lilikotoka. Kwa kipindi fulani mita 24 za Forbes zikawa za kupanda kama unapanda dari la nyumba. Mbao hazidumu juani. Ngazi ikaoza ikaisha, na leo vimebaki vipande vya chuma vilivyopigiliwa kwenye mwamba. Nimevigusa. Baadhi bado vigumu kabisa, baadhi vinacheza kwenye tundu zake, na ubaya ni kwamba kwa macho huvitofautishi. Mtu asivitegemee.

Mwaka 1957 kundi jingine lilipanda kwa ukingo wa kusini-mashariki, njia ndefu ya jabali wazi ambayo wapandaji stadi wa leo wanaipenda kuliko ya Forbes. Mwaka 1996 mwindaji mmoja alimpiga picha jagwa, paka mkubwa wa Amerika anayefanana na chui, katika milima hii, mnyama ambaye Marekani ilikuwa imeshamhesabu kuwa ametoweka kwake; nalitaja kwa sababu inaonyesha ni kwa kiasi gani mahali hapa bado ni pori. Kabla ya hapo, 1990, upande wa mashariki wa kilele, zaidi ya ekari 2,000, ulitangazwa eneo la pori lisiloendelezwa, kwa hiyo hakuna atakayeweka ngazi nyingine.

Forbes mwenyewe aliupanda mara sita kwa jumla maishani, ya mwisho mwaka 1949 siku aliyotimiza miaka 82. Alifariki 1968 akiwa na zaidi ya miaka mia. Mara moja kwa safari tano za mwanzo, kisha tano zaidi bila kushindwa kunakosimuliwa. Mwili wa miaka 82 haukuwa na nguvu za mwili wa 27 uliorudishwa mwaka 1894. Alichokuwa nacho mzee yule ni kuujua mlima hatua kwa hatua, na hicho hakizeeki haraka.

Kwa anayetaka kwenda

Upande wa magharibi unahitaji kibali cha Taifa la Tohono O'odham. Kichukue kabla hujaondoka, na pango si mahali pa kupiga picha za kujionyesha. Jangwa hili pia ni njia ya wahamiaji wanaovuka mpaka kwa miguu, na maelfu wamekufa kusini mwa Arizona tangu miaka ya 2000, wengi kwa kiu na joto. Ukikuta jagi la maji limeachwa kwenye kivuli, liache hapo. Huenda ndilo linalomtenganisha mtu na kifo, na baadhi ya watu hao siku hizi wanatoka Afrika. Ukimkuta mtu amezidiwa, maji na simu ya kuita uokoaji kwanza, mengine baadaye.

Msimu ni Novemba hadi Machi. Kamba ya mita 60 ukiikunja katikati inatosha kuteremkia ukuta wa mita 24 na inabaki. Mtu asiyejua kuteremka kwa kamba asiende bila anayejua, hata kama kupanda anaona anakuweza. Mavazi yafunike muundi. Maji lita tano au sita kwa mtu hata wakati wa baridi, nusu yake ikifichwa begani.

Na saa. Desemba jua linazama saa kumi na moja na dakika ishirini jioni. Ukitoka chini ya ukuta unahitaji saa tatu au nne kurudi kambini, na kupanda na kuteremka ukuta wenyewe kwa kundi la watu wanne, mmoja mmoja kwenye kamba, kunameza saa mbili bila kuonekana. Toa hizo kwenye kumi na moja na dakika ishirini. Kama hujafika chini ya ukuta saa tano asubuhi, gusa mwamba, kunywa maji, mle mlichobeba, mgeuke.